Soya ni chakula bora, lakini si maziwa

Familia za Kibondo na Kasulu zisizo na ng'ombe huuliza: je, maziwa ya soya yanaweza kushika nafasi ya maziwa ya ng'ombe?

Kwa kujenga mwili, soya ni hodari. Gramu 100 za soya kavu zina protini gramu 36 hivi. Maharage yana 22 hivi. Ndiyo maana unga wa mahindi na soya umegawiwa wakimbizi kambini Nyarugusu, wilayani Kasulu.

Lakini maziwa ya soya tunayotengeneza nyumbani yana kalsiamu kidogo, madini yanayoimarisha mifupa, na hayana vitamini B12 inayosaidia kutengeneza damu. Maziwa ya ng'ombe yana vyote viwili. Asiye na ng'ombe asikate tamaa: dagaa wa Ziwa Tanganyika wakisagwa wazima na kutiwa katika uji wa soya huziba pengo hilo.

Tuzingatie mambo mawili. Kwanza, soya mbichi huzuia protini isisagwe tumboni. Ichemshwe mpaka iive kabisa. Pili, mtoto apewe maziwa ya mama peke yake mpaka miezi 6, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine mpaka miaka 2 au zaidi. Soya isimwachishe ziwa.

Na mwenye ng'ombe asiuze maziwa yote, akawaachia watoto soya tupu. Kikombe kimoja cha mtoto kibaki nyumbani.