Moyo wa Mwalimu Hauongezwi kwa Maneno Matupu



Watoto wakianguka mtihani, wa kwanza kulaumiwa ni mwalimu. Husemwa amelegea, hana bidii, ualimu wa siku hizi hauna wito. Sisi hatukatai kwamba wako walimu walegevu. Lakini twauliza: mtu aliyeingia chuoni akiwa na hamu ya kufundisha, moyo wake umevunjwa na nini?

Tukumbuke tulikotoka. Chama cha KNUT kilipoundwa mwaka 1957, walimu walikuwa chini ya waajiri mbalimbali, wengine misheni, wengine halmashauri za wilaya. Walidai mwajiri mmoja, na mwaka 1967 ikaanzishwa Tume ya Kuajiri Walimu. Dai lile lilihusu mshahara, ndiyo, lakini lilihusu heshima pia.

Mwaka 1997 tuligoma, tukaahidiwa nyongeza kubwa ya kulipwa kwa miaka mitano. Fungu la kwanza lilitoka, kisha malipo yakasimama, na mwaka 1998 ikabidi kugoma tena. Mwaka 2015 mahakama ya kazi iliamua tuongezewe asilimia 50 hadi 60. Fedha hazikuja, tukagoma karibu wiki tano, na mwezi wa Novemba Mahakama ya Rufani ikaufuta uamuzi ule. Ahadi iliyovunjwa huumiza kuliko ile ambayo haikutolewa kamwe.

Hata hivyo fedha si yote. Mwaka 2003, karo ya shule za msingi ilipoondolewa, watoto waliongezeka kwa zaidi ya milioni moja katika mwaka mmoja. Tulifurahi, kwa maana ni watoto wetu. Lakini walimu hawakuongezwa kwa kadiri ile. Mwalimu mwenye watoto 80 darasani, akitumia dakika 2 tu kwa kila daftari, anahitaji saa 2 na dakika 40 kusahihisha somo moja. Basi huacha kusahihisha. Je, huo ni uvivu, au ni hesabu?

Tena iko hofu. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, katika kaunti ya Garissa, na wenzao wengi wakaondoka upande ule. Waliobaki bila mwalimu ni watoto wa huko, ambao hawakuwa na kosa lolote. Hakuna semina iwezayo kumtia moyo mtu anayelala akisikiliza mlango.

Yako pia mambo madogo ambayo hayangojei fedha za Hazina. Mwalimu aliyejisomesha kwa gharama yake ajibiwe barua yake ya kuomba cheo, hata kama jibu ni la kukataa. Mkaguzi akija asitafute makosa tu, aseme na lililo jema. Mwalimu mkuu asimkemee mwalimu mbele ya watoto. Mwenye kuheshimiwa hufika mapema bila kuandikwa kitabuni.

Sasa twageukia upande wetu wenyewe, maana chama kisichowaambia wanachama ukweli hakiwafai. Mtoto hakupanga mshahara wetu. Hakutunyima cheo. Mgomo hutangazwa na chama, mchana, kila mtu akisikia. Mwalimu anayekaa ofisini akinywa chai huku darasa lake likipiga kelele hagomi. Anamwibia mtoto wa maskini mwenzake, na anampa mwajiri fimbo ya kutupigia sote kwenye meza ya mapatano.

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Kwanza, mapatano yakitiwa sahihi yalipwe kwa tarehe yake. Pili, walimu waajiriwe kwa kadiri ya watoto waliomo darasani, tena waajiriwe kwa kudumu, wasiwekwe miaka katika kazi ya muda. Tatu, kupandishwa cheo kufuate kazi na miaka ya mtu, si kujuana.

Ndugu, someni maneno haya katika mkutano wa tawi lenu, myajadili, mtuandikie yaliyo kweli na tuliyokosea. Na Jumatatu asubuhi kengele ikilia, kila mmoja awe darasani. Tukidai haki tukiwa na chaki mkononi, hakuna atakayepata la kutujibu.

Umoja ni nguvu.