Tani Milioni 428 na Mashamba ya Watu

Ndugu waamini na viongozi wa walei, tumezoea kudhani kwamba suala la haki katika madini huanza siku ile mitambo mikubwa inapofika na kuanza kuchimba. Tunaposikia habari za utafiti tu, yaani watu wachache wenye nyundo, ramani na mashine ya kuchoronga, hatuoni sababu ya kushughulika. Utafiti, tunasema, haumdhuru mtu. Toleo hili linathubutu kusema kinyume, na ushahidi tunautoa katika bonde la Ruhuhu, kusini mwa nchi yetu.

Bonde la Ruhuhu limo kati ya nyanda za juu za Njombe na Songea, na mto wenye jina hilo humwaga maji yake katika Ziwa Nyasa. Wataalamu huliita bonde la mashapo, kwa maana kwamba ardhi ilididimia polepole kwa mamilioni ya miaka, na mito ikalijaza shimo hilo mchanga, udongo na mabaki ya mimea, tabaka juu ya tabaka, mpaka mashapo hayo yakashikamana yakawa miamba. Tabaka za chini kabisa ziliachwa na barafu, jambo ambalo mkazi wa Manda anayeungua na jua la ziwani hawezi kuliamini kwa urahisi. Juu yake kuna tabaka za makaa ya mawe, ambayo ni mabaki ya misitu ya mabwawa iliyoota yapata miaka milioni 280 iliyopita, wakati Afrika ilipokuwa bado imeungana na India, Australia na Amerika ya Kusini.

Elimu hii si ya jana. Idara ya jiolojia ilianzishwa Tanganyika mwaka 1925, na katika miaka ya 1930 mjiolojia G. M. Stockley alilichunguza bonde hili na kuzipanga tabaka zake kwa namba. Mwaka 1933 Mwingereza mwingine, Parrington, aliokota mifupa ya wanyama wa kale katika tabaka za Manda. Baadhi ya mifupa hiyo ilipelekwa London, na ilipofika mwaka 2012 wataalamu walitangaza kwamba huenda ni ya dinosaria wa kale kuliko wote wanaojulikana duniani, au wa jamaa yake wa karibu. Wakampa jina la Nyasasaurus. Karibu miaka 80 ilipita tangu mfupa ulipotoka ardhini hadi ulipotangazwa, na ni wanafunzi wangapi wa shule za mwambao wa ziwa waliowahi kuelezwa habari hiyo? Mfupa haukumnyang'anya mtu shamba lake. Lakini mtindo ni ule ule: maarifa huchukuliwa hapa, huandikwa kwa lugha ya mbali, na mwenyeji hubaki na shimo.

Sasa tuje kwenye makaa. Eneo la Mchuchuma, katika kata ya Nkomang'ombe wilayani Ludewa, linatajwa kuwa na tani milioni 428 za makaa ya mawe. Namba hiyo imetajwa bungeni na katika mikutano ya hadhara hata imekuwa kama kiitikio. Wengi huichukua kana kwamba ni fedha zilizokwisha kuwekwa benki. Kwa hiyo hatuna budi kueleza namba za namna hii hupatikanaje.

Mtafiti huchoronga mwamba na kutoa vipande vya mviringo, virefu kama mche, akavipanga katika masanduku kwa mfuatano wa kina. Anapokuta mkanda wa makaa huupima unene wake. Kisha hupeleka sampuli maabara ili ajue makaa yana majivu kiasi gani, salfa kiasi gani, na yakiwaka hutoa joto kiasi gani. Baada ya hapo ni hesabu. Tuseme mkanda una unene wa mita 2 na umetandaa chini ya kilometa moja ya mraba: hizo ni meta za ujazo milioni 2, na kwa kuwa meta moja ya ujazo ya makaa huwa na uzito wa tani moja na nusu hivi, tunapata takriban tani milioni 3. Lakini kati ya shimo moja na jingine hakuna aliyeona kitu. Pale ni makisio. Mashimo yakiwa karibu karibu makisio huwa na nguvu, yakiwa mbalimbali huwa dhaifu. Aidha, makaa yaliyomo ardhini si sawa na makaa yanayochimbika kwa faida. Kuna yaliyo chini mno, kuna mikanda iliyokatwa na nyufa za ardhi, na kuna yale ambayo nauli ya kuyafikisha sokoni ni kubwa kuliko bei yake. Mtaalamu mwaminifu huzitenga namba hizi mbili. Mwanasiasa huzichanganya, na tusimlaumu peke yake, maana nasi tunapenda kuisikia ile kubwa.

Na hapa ndipo namba inapomgusa mkulima. Mnamo Septemba 2011 Shirika la Maendeleo la Taifa lilitia saini mkataba wa ubia na kampuni ya Sichuan Hongda ya China, kwa mgawanyo wa asilimia 20 kwa shirika letu na asilimia 80 kwa kampuni. Mradi ulikusudiwa kuchimba makaa ya Mchuchuma na kufua umeme wa megawati 600, pamoja na kuchimba chuma cha Liganga. (Chuma hicho hakimo katika miamba ya mashapo, kimo katika miamba ya moto iliyo jirani, ila mipango imeviunganisha viwili hivi kama pacha.) Yakafuata mazungumzo marefu kati ya Serikali na mwekezaji juu ya vivutio na masharti. Fidia kwa wananchi, zaidi ya shilingi bilioni 15 kwa watu zaidi ya 1,100, ilitolewa mwaka 2023. Hesabu ninyi wenyewe: ni miaka 12 tangu saini.

Tunaomba msomaji aitafakari miaka hiyo kwa jicho la kaya moja. Ardhi ikishatajwa kuwa eneo la mradi, mwenye shamba husita kupanda miti ya mbao, ambayo katika mkoa wa Njombe ndiyo akiba ya uzeeni na ada ya watoto. Husita kuezeka nyumba upya, kwa kuwa hajui kama atahama mwakani. Mnunuzi wa kiwanja haji, na kijana anayetaka kuoa haambiwi ajenge wapi. Hakuna aliyempiga wala kumfukuza, na mahakamani hana la kushtaki. Hata hivyo maisha yake yamesimamishwa kwa namba iliyotoka katika mashimo ya kuchoronga, na gharama ya kusubiri hulipa yeye, si mtafiti wala mwekezaji. Mzee aliyekuwa na miaka 60 wakati wa saini alikuwa na 72 fedha zilipokuja, kama aliziwahi.

Hatusemi kwamba sheria zimenyamaza. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeweka kwamba ardhi ya kijiji haihamishwi kabla ya aina, kiasi na wakati wa kulipa fidia havijakubaliwa. Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 imeweka ukomo wa miaka miwili kwa uthamini wa fidia, ili watu wasilipwe leo kwa bei za juzi. Lakini sheria huanza kazi mtu anapopimiwa shamba. Kwa kipindi kile kirefu cha utafiti na majadiliano, ambacho ndicho tunachokilalamikia, mkulima hana kinga ya kutosha. Maoni yetu ni kwamba kila leseni ya utafiti katika ardhi ya kijiji iambatane na tamko la maandishi kwa kijiji husika: eneo gani linachunguzwa, mpaka lini, na kwamba mpaka siku hiyo wananchi wako huru kupanda na kujenga, na kila watakachokipanda kitahesabiwa.

Tukidai hivyo, tuseme pia upande wetu. Wapo watu ambao, wakisikia uthamini unakuja, husimamisha vibanda usiku na kuchomeka miche ya migomba isiyo na mizizi ili iandikwe. Wengine ni waamini wenzetu. Udanganyifu huo huwapa maofisa kisingizio cha kuwashuku wote, na anayeumia ni mjane mwenye mibuni ya kweli. Hali kadhalika fidia ikilipwa kwa jina la baba peke yake, mama aliyelima shamba lile miaka 20 huiona fedha ikipita tu. Viongozi wa jumuiya ndogo ndogo wanazijua kaya hizi kwa majina, wasingoje mgogoro uwafikie.

Kuna jambo jingine lisilozungumzwa sana, nalo ni soko lenyewe. Mwaka 2015 Papa Fransisko, katika waraka wa Laudato Si', alifundisha kwamba nishati zinazochafua hewa, hasa makaa ya mawe, hazina budi kuachwa hatua kwa hatua. Mwaka 2021 China ilitangaza katika Umoja wa Mataifa kwamba haitajenga mitambo mipya ya umeme wa makaa nje ya nchi yake. Wakati huo huo, makaa ya Ngaka, katika mkoa jirani wa Ruvuma, yanayochimbwa tangu mwaka 2011 kwa ajili ya viwanda vya saruji na vinginevyo, yalipata wanunuzi wa ng'ambo kwa wingi baada ya vita vya Ukraine kupandisha bei mwaka 2022, na malori yakajaa barabara ya kwenda bandari ya Mtwara. Bei iliyopandishwa na vita inaweza kushushwa na amani. Anayewaahidi vijana ajira ya maisha kwa makaa awaeleze na haya. Sisi hatumkatazi mtu maskini kutumia kilicho chini ya miguu yake, wakati waliotajirika kwa makaa ni wengine. Tunachokataa ni kumfanya aingie gizani.

Kwa hiyo ripoti za utafiti zitolewe, na muhtasari wake uwe katika Kiswahili. Mashimo ya kuchoronga hayaonyeshi makaa tu. Huonyesha pia maji yako kina gani, na salfa iliyomo kwenye makaa huashiria kama maji yatakayotoka mgodini yataweza kuwa na tindikali ya kuharibu visima na vijito viendavyo Ruhuhu. Kijiji kinachochota maji huko kinazihitaji habari hizo kuliko mwenye hisa yeyote. Sheria ya mwaka 2017 imetamka kwamba maliasili ni za wananchi na Rais amezishika kwa dhamana yao. Basi mwenye mali asinyimwe orodha ya mali yake.

Njia ya kuanzia ipo. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inamruhusu raia kuandika kwa mamlaka ya umma na kuomba taarifa, nayo mamlaka inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Tunashauri halmashauri za walei katika parokia zenye leseni za utafiti zikae na serikali za vijiji kabla ya msimu wa kupanda, ziandike barua moja kwa Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini iliyoko Dodoma, na nakala kwa mkurugenzi wa wilaya. Waulize mambo matatu: leseni zipi zipo katika ardhi yao na zinaisha lini, mashimo mangapi yamechorongwa na yalikuta nini, na maji yalionekana kina gani. Barua ipigwe mihuri, itunzwe nakala, na tarehe ya kupokelewa iandikwe, maana siku 30 huhesabiwa kuanzia hapo.