Mwalimu akisema, nani atamtetea?

Leo naomba tuzungumze kuhusu walimu wanaoona fedha za shule zikiliwa na wanaamua kutonyamaza.

Nianze na kisa cha hapa London. Wembley kulikuwa na sekondari iitwayo Copland. Majengo yake yalikuwa yamechakaa. Mwaka 2009 mwalimu Hank Roberts, ambaye pia alikuwa mwakilishi wa chama cha walimu, alifichua kwamba mwalimu mkuu, Alan Davies, na wenzake kadhaa wa uongozi walikuwa wakijilipa bonasi kubwa mno, juu ya mishahara yao. Davies hakuwa mtu mdogo. Alikuwa na cheo cha "Sir" kwa huduma yake kwenye elimu.

Aliyeanza kuumia ni aliyesema. Roberts alisimamishwa kazi. Baadaye halmashauri ya Brent ikaingilia kati na mwalimu mkuu naye akasimamishwa. Mwaka 2013 Davies alikiri mahakamani makosa ya kughushi hesabu na akapewa kifungo cha nje, kisha akavuliwa ule u-Sir. Kesi ya madai ya fedha iliamuliwa Mahakama Kuu mwaka 2018. Hesabu mwenyewe: mtoto aliyeingia shuleni hapo na miaka 11 mwaka ule wa 2009, alikuwa na miaka 20 hukumu ilipotoka.

Ninachojifunza hapo ni kwamba haki ya mtoa taarifa na adhabu ya mwizi ni vitu viwili tofauti. Mwizi anaweza kuhukumiwa baada ya miaka kenda. Mwalimu anahitaji mshahara wake mwezi huu.

Nalisema hili kwa sababu linanigusa. Mdogo wangu anafundisha sekondari huko nyumbani. Kwenye hesabu za shule yake yameandikwa madawati 80. Yaliyofika ni 30. Ameniuliza, "Dada, nikisema, nani atanitetea?" Nimemjibu kama muuguzi.

Kwanza, andika. Kazini kwetu tunasema kisichoandikwa hakijafanyika. Andika tarehe, idadi, nani alikuwepo, nani alisema nini. Andika ulichokiona, usiandike unachokihisi. Usichukue nyaraka za shule kwa siri, wasije wakakugeuzia kibao ukaitwa mwizi wewe. Daftari lako likae nyumbani.

Pili, usiende peke yako. Kidole kimoja hakivunji chawa. Roberts alikuwa na chama nyuma yake. Tanzania kuna CWT, Kenya kuna KNUT na KUPPET. Jiunge kabla ya shida, maana mwavuli haununuliwi mvua ikishakulowesha.

Tatu, jua mlango wa kubisha. Tanzania ina sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi, na TAKUKURU wana namba ya bure, 113. Kenya ipo EACC. Taarifa ikienda kwa mamlaka husika, ina uzito na kinga kuliko ikirushwa kwenye kundi la WhatsApp.

Na ninyi mnaofanya kazi Uingereza, iwe shuleni au hospitalini, sheria ya mwaka 1998 inamlinda mfanyakazi anayefichua maovu, hata kama yuko hapa kwa viza ya kazi. Lakini muda ni mfupi. Ukionewa, wasiliana na Acas mapema. Usiache miezi 3 ipite. Ukifukuzwa kwa sababu ulisema, na unataka baraza la kazi likupe amri ya muda ya kuendelea kulipwa wakati kesi inasubiri, una siku 7 tu. Wengi wanapoteza haki yao kwa kuchelewa, wala si kwa kukosa ushahidi.

Sasa sisi wazazi na walezi. Tunatuma ada, tunatuma michango ya madarasa na vyoo, halafu tunaridhika na "Mungu akubariki." Tudai risiti ya shule. Tumwombe ndugu ahudhurie kikao cha wazazi aulize mapato na matumizi yasomwe hadharani. Wazazi kumi wakiuliza swali lile lile, mwalimu mmoja halazimiki kubeba mzigo wote, wala hawezi kuhamishwa kijiji cha mbali usiku mmoja kwa kuwa "ana maneno".

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Shule nayo ikificha ugonjwa wake, watakaougua ni watoto. Kwa hiyo mwezi huu, kabla hujatuma ada ya muhula, piga simu uulize ile ya muhula uliopita ilifanya nini.