Tumesali, Ingieni Tu

Vijana wapendwa, kila likizo kubwa huamsha shauku ya kupanda mitumbwi na kuvizunguka visiwa vya Lualaba, juu ya Ubundu. Shauku hiyo twaipenda. Tusichokipenda ni neno lisemwalo ufukoni, mtumbwi ukiwa umekwisha kujaa: “Tumesali, ingieni tu.”

Mtume Paulo alikuwa mtu wa sala, lakini majira ya dhoruba yalipokaribia aliwashauri wenzake wasisafiri. Waliosikilizwa ni nahodha na mwenye merikebu. Watu 276 wakafika Malta kwa kuogelea na kushikilia mbao.

Kwetu hatari ina mahali pake. Chini ya Ubundu yanaanza maporomoko saba ya Boyoma, kiasi cha kilometa 100 hadi Kisangani. Ndiyo sababu ya reli iliyofunguliwa mwaka 1906. Basi matembezi yaelekee juu. Na wakati wa kurudi, mkondo ukiwasukuma, shikeni ukingo wa nyumbani mapema, kungali na mwanga.

Kauli ya mwisho iwe ya mpiga kasia mzee ayajuaye maji, asiyelipwa kwa hesabu ya vichwa. Si ya mwalimu wa kwaya, wala yetu makatekista. Akisema mawingu yamekaa vibaya, shukeni, hata kama sufuria zimekwisha kupakiwa. Na binti anayekataa kuingia mtumbwi uliojaa asiitwe mwenye imani haba. Jile za kuelea zikiwa kumi, wanaopanda ni kumi, mpiga kasia akiwa mmoja wao; waliobaki wangoje zamu ya pili.