Wanatufundisha maverbe, ripoti za mgodi wanaandika wengine

Vijana wa Lubumbashi, wa Likasi, wa Kolwezi, wandugu wote mnaotufuata,

Tuseme wazi. Pale tuliposomea uinjinia, Kiingereza kiko kwenye programu. Kina kredi, kina egzamene, kina silabusi yenye lazima ununue. Lakini injinia anamaliza miaka yake yote bila kuandika hata ukurasa moja wa Kiingereza juu ya kazi aliyofanya kwa mikono yake, bila kusimama hata siku moja mbele ya watu, aeleze matokeo yake kwa lugha hiyo na kujibu maswali. Sisi tumepita mule. Tuna diploma. Tuko bashomeri. Na tumechoka kusikia mu kila ofisi kama "vijana hawajui Kiingereza". Vijana hawakufundishwa. Ni kitu ingine.

Namna ilikuwa kwetu: masaa 30 mu mwaka. Auditware moja, wanafunzi wamejaa mpaka ku madirisha, mikro inakatika kila dakika. Mwalimu, mtu mzuri aliyesoma fasihi, anaandika ubaoni: go, went, gone. Sisi tunanakili. Egzamene ni kujaza nafasi. Wiki ileile, mu laboratware, tulikuwa tunapima asidi sulfuriki inakula namna gani madini ya shaba ya oksidi, tunachora kurbe, tunabishana juu ya pH. Kati ya chumba kile na kile kuna ukuta moja tu, na hakuna mkubwa hata moja aliyefikiri kutoboa mlango.

Sasa angalieni nje ya chuo. Inchi yetu inatoa zaidi ya 70% ya kobalti yote ya dunia, na sehemu kubwa inatoka hapa kwetu, mu Lualaba na Haut-Katanga. Kampuni ya migodi yenye kutafuta pesa ku soko la hisa la Toronto inalazimishwa na kanuni ya Kanada, NI 43-101, kutangaza ripoti ya teknike. Ku Australia kuna kanuni yao, JORC. Ripoti hizo ni kurasa mamia, kwa Kiingereza: kuna madini kiasi gani chini ya ardhi, yana shaba asilimia ngapi, yatasafishwa namna gani, maji yatatoka wapi, uchafu wa kiwanda utawekwa wapi. Kamoa-Kakula, palepale karibu na Kolwezi, iko na ripoti ya aina hiyo. Haiko siri. Mwenye mega anaipakua leo. Ardhi ni ya kwetu, vijiji vina majina ya kwetu, na mtoto wa Kolwezi mwenye diploma ya mines anaifungua, anaangalia picha, anafunga.

Tena hatusemi paka juu ya kusoma. Kanuni hizo zinataka mtu mwenye jina lake atie sahihi na abebe jukumu. Kwa JORC, lazima awe na uzoefu wa miaka 5 kwa aina hiyo ya madini na awe mwanachama wa chama cha wataalamu kinachotambuliwa. Miaka 5 unaanza kuihesabu siku ya kuajiriwa. Na kuajiriwa kunapita mu interview yenye mtu anakuambia: tueleze kazi yako ya mwisho wa masomo, dakika kumi, kwa Kiingereza. Hapo "go, went, gone" inakusaidia nini?

Kuna wenye kufikiri shida ni matamshi, kama lazima uongee sawa mtu wa London. Hapana bana. Shida iko mu vitu vidogo vyenye hakuna anayetuambia. Chukueni namba. Sisi tulisoma kwa Kifaransa, desimali tunaandika kwa mkato. Ukipima maji ya mto ukaandika 1,250 miligramu kwa lita, mwenzako wa hapa anaelewa moja na robo. Msomaji wa Kiingereza anaelewa elfu moja mia mbili hamsini. Mkato moja, na mto wenye watu wanaoga umekuwa sumu, ao mto wa sumu umekuwa safi, inategemea nani ameandika na nani anasoma. "Billion" vilevile: ya Kifaransa ina sufuri 12, ya Kiingereza ina sufuri 9.

Chukueni neno "éventuellement". Kwetu ni labda, kama itatokea. Mwanafunzi anaona "eventually", anasema njo hiyo. Anaandika kwamba maji "eventually" yatapita chini ya ukuta wa bwawa la uchafu. Alitaka kusema labda. Aliyesoma ameelewa: mwishowe yatapita, hakuna shaka. Kwa bwawa lenye kijiji chini yake, hilo halikuwa kosa la sarufi. Na "expérience", ile ya laboratware, anaiandika "experience", maana yake inakuwa maisha aliyopitia. Haya yote yanafundishwa kwa siku mbili, kama mwenye kufundisha amewahi kufungua ripoti moja ya uinjinia. Mwalimu wa fasihi peke yake hawezi kuyajua, na hatumlaumu. Tunalaumu wale wanaomtuma peke yake.

Na kusimama mbele ya watu? Mmeona defanse zetu. Kijana anageukia ukuta, anasoma diapozitivu yenye mistari arobaini, herufi kama sisimizi. Jury inamuuliza ukurasa wa 37 mbona una kosa la aksanti. Hakuna anayeuliza: ulipima mara ngapi? Ukirudia kesho utapata ileile? Mashine ilirekebishwa lini? Hata kwa Kifaransa hatufundishwi kueleza. Tunafundishwa kukariri kwa sauti na kuvaa kostime.

Tunajua majibu yenu. La kwanza: "Kiingereza ni cha wakoloni wengine." Sawa, na Kifaransa kilishuka toka mbinguni? Kongo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na mkataba wa jumuiya hiyo unaweka Kiingereza kuwa lugha rasmi. Ukivuka Kasumbalesa, wenzetu wa Zambia wanasomea uinjinia kwa Kiingereza mu Kitwe, shaba ni ileile, mwamba ni uleule. Hatuwaonei wivu. Tunauliza tu kwa nini mpaka ukate hata akili.

La pili: "Migodi ni ya Wachina, mjifunze Kichina." Mwenye kutaka ajifunze, ni kitu kizuri. Lakini watafiti wa China, wakitaka dunia isome kazi yao juu ya kobalti, wanaiandika kwa Kiingereza. Na ku kiwanda, injinia Mchina na injinia Mkongomani wakikaa mbele ya pampu yenye imeharibika, mara nyingi wanakutana mu Kiingereza kilichovunjika pande zote mbili. Mwenye kukivunja vizuri kidogo njo anakuwa shefu.

La tatu tunalipenda kuliko: "Na Kiswahili chetu?" Hapo tuko pamoja nanyi, tena tunaenda mbali kuliko nyinyi. Kabla ya kuandika sentensi moja ya Kiingereza, mwanafunzi amwambie mama mwenye kuuza bunga ku soko ya Kenya, kwa Kiswahili, kwa sentensi tatu: nilitaka kujua nini, nilifanya nini, nilipata nini. Kama mama ameuliza "na ile inatusaidia nini?" na kijana amenyamaza, basi tatizo halikuwa Kiingereza. Hajaelewa kazi yake mwenyewe. Akielewa, Kiingereza chake kitakuwa kifupi, na kifupi njo kinatakiwa: nani alipima, kwa kifaa gani, mara ngapi, namba na kipimo chake, mashaka yako wapi. Maneno makubwa ya kupendeza jury hayana kazi pale.

La nne: "Hakuna pesa." Kwa hili, hamuhitaji hata jengo moja jipya. Tunataka masaa yaleyale 30 yafundishwe na watu wawili pamoja, mwalimu wa lugha na asistanti wa laboratware. Tunataka auditware ikatwe vikundi. Tunataka egzamene ya kujaza nafasi ife, na mahali pake kila mwanafunzi aandike kurasa mbili juu ya matokeo aliyopima mwenyewe, arudishiwe na wino mwekundu, aandike tena. Halafu dakika kumi mbele ya wenzake, bila kusoma, na maswali dakika kumi. Silabusi isiuzwe, iwekwe bure mu telefone za watu. Na kila mémoire iwe na ukurasa moja wa Kiingereza ulioandikwa na mwanafunzi mwenyewe, si ule wa kutafsiriwa na mashine usiku wa mwisho, wenye jury hata haiusomi. Barua yenye madai haya tunaipeleka kwa ma-dekano, moja moja, na tutataka akize ya kupokea.

Tukingoja jibu lao, tunaanza siye wenyewe, kila Jumamosi saa nane, bure. Uje na kazi yako ya mwisho wa masomo, hata kama ilishakula vumbi chini ya kitanda. Utaieleza kwa Kiswahili kwanza, halafu kwa Kiingereza, na siye tutakuuliza maswali magumu. Mwenye hana ordinatere aje na daftari.