Msikubali Giaboksi Ishushwe Kabla Sensa Haijapimwa



Leo hina na shela tumeziweka pembeni, tunazungumzia gari. Wengi wetu siku hizi tunaendesha wenyewe: kupeleka watoto skuli, kufuata mizigo bandarini, kwenda shughulini shamba. Lakini tukifika gereji tunageuka wageni. Tunaambiwa neno moja, tunatoa pesa, tunaondoka. Sisi hilo tumelikataa, na tunataka na nyinyi mlikatae.

Yalitukuta wenyewe. Alhamisi moja tunaelekea Makunduchi, nguo ya bi harusi imo kiti cha nyuma. Tulipopita Tunguu mshale wa spidi ukaanguka sifuri, na gari inakwenda! Ukarudi, ukaanguka tena. Kisha gari ikawa nzito, injini inalia lakini gia haibadiliki, taa ya injini imewaka. Tulifika kwa mwendo wa kobe, alhamdulillah, na bi harusi hakujua lolote.

Jumamosi tukenda gereji. Fundi alizunguka nayo mara moja, boneti hajafungua, akasema giaboksi imekufa, tulete milioni moja na nusu atuagizie ya mtumba kutoka Dar.

Pesa hiyo tulikuwa nayo. Lakini ilikuwa kianzio cha maharusi watatu, ya kununulia vitambaa. Ile ni amana, si pesa yetu. Usiku mzima tulipiga hesabu: tuchukue humo halafu turudishe? Mashoga, neno la kubahatisha la mtu mmoja lilikaribia kututia katika khiyana. Ndio maana jambo hili kwetu si la gari tu.

Tukatafuta fundi wa pili. Huyu alitueleza kwanza. Gari ya otomatiki ina sensa zinazosoma mzunguko: kwa kawaida moja inasoma mwendo unaoingia kwenye giaboksi kutoka kwenye injini, nyengine mwendo unaotoka kwenda kwenye tairi. Kompyuta ya gari inalinganisha, ndipo inajua wakati wa kubadilisha gia. Sensa ikikosea au ikinyamaza, kompyuta inajihami na kuibana gari kwenye gia moja. Wewe dereva unaona giaboksi imekufa, kumbe imefungwa makusudi isije ikaharibika.

Akachomeka mashine ya kupimia chini ya usukani, ikatoa namba P0720, ya sensa ya mwendo unaotoka. Ya mwendo unaoingia ni P0715, na P0500 ni ya mwendo wa gari yenyewe. Lakini namba haisemi kuwa sensa imeharibika. Inasema njia yake ya umeme ina kasoro, na kasoro inaweza kuwa kwenye sensa, kwenye plagi au kwenye waya. Anayesoma namba na kukimbilia kununua spea naye anabahatisha, tofauti ni kuwa huyu anabahatisha kwa bei nafuu.

Yetu alianza kwa kuangalia oili ya giaboksi. Ingekuwa nyeusi na inanuka kuungua, shida ingeweza kuwa ndani kweli, maana giaboksi nazo hufa. Ilikuwa nyekundu, safi. Akachomoa plagi ya sensa, akakuta kutu ya kijani. Akaisafisha, akafuta namba, tukazunguka nayo, namba ikarudi. Akafuata waya mpaka mwisho, nzima. Ndipo akaipima sensa yenyewe kwa mita ya umeme. Yetu ni ya waya mbili, mita ilitakiwa isome kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari, na haikusoma kitu: imekatika ndani. (Za waya tatu hazipimwi hivyo. Huangaliwa umeme unaoifikia na ishara inayotoa tairi ikizunguka.) Sensa mpya haikufika laki moja, na imeshikwa kwa bolti moja tu.

Sisi washoni hatutii mkasi kwenye kitambaa cha mtu kabla hatujampima. Kwa nini fundi gari akate bila kupima, na sisi tumshukuru?

Wapo watakaosema mwanamke hasimami gereji, atume kaka yake. Kutuma si vibaya. Mara ile ya kwanza hata sisi tulifuatana na mjomba, na alipoambiwa giaboksi imekufa aliitikia kwa kichwa kuliko sisi. Basi ukimtuma mtu, mpe maswali aende nayo: mashine imetoa namba gani, oili ikoje, plagi na waya zimeangaliwa, sensa imesoma ngapi kwenye mita. Namba iandikwe kwenye karatasi au ipigwe picha kwa simu. Na sensa ya zamani arudi nayo. Yetu tunayo hapa dukani, bi harusi yeyote akija kupimwa nguo tutamuonesha.