Mizani ya Saa za Kazi

Kijana wa Bariadi mwenye kompyuta ndogo na kifurushi cha intaneti anaweza leo kukamilisha programu ambayo miaka michache iliyopita ingehitaji fundi wa kulipwa kutoka Mwanza au Dar es Salaam. Anaieleza mashine anachokitaka kwa maneno ya kawaida, nayo akili mnemba humwandikia msimbo, yaani maagizo yanayofuatwa na kompyuta, humwonyesha penye kosa na kulirekebisha. Programu moja inayofaa sana kwa mwanzo wa namna hiyo ni ile ya kuhesabu saa za kazi. Mfanyakazi anabonyeza simu anapoingia kazini, anabonyeza tena anapotoka, na mwisho wa mwezi jumla ya saa zake hutokea mbele ya mwajiri.

Sisi tunalipokea jambo hili kwa furaha. Mkoa wa Simiyu, ulioundwa mwaka 2012, una viwanda vya kuchambua pamba, maduka ya jumla, nyumba za wageni na shule binafsi, na sehemu nyingi kati ya hizo mahudhurio bado yanaandikwa katika daftari. Daftari lina kasoro zake. Kurasa huchanika, karani husahau, na jina la ndugu wa msimamizi huweza kuonekana siku ambayo mwenyewe hakuonekana. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na programu nzuri ni daftari bora kuliko lile la karatasi.

Lakini hatuna budi kuuliza: programu ya namna hiyo imekamilika lini? Je, imekamilika pale akili mnemba inapotangaza kuwa kazi imekwisha na ukurasa unafunguka bila kosa? Jibu letu ni hapana. Programu ya kuhesabu saa ni mizani, na mizani haikamiliki mpaka mwenye mzigo aweze kuisoma.

Watu wa Usukuma hawahitaji kufundishwa somo hili. Wakulima wa pamba walipokuwa wakilalamikia mizani ya wanunuzi baada ya Vita Kuu ya Pili, hawakudai kwamba vyuma vyote vilikuwa vibovu. Walidai kuwa aliyesoma mizani na aliyenufaika na usomaji huo alikuwa mtu mmoja. Madai hayo yalichangia kuzaliwa kwa vyama vya ushirika, na mwaka 1955 ikaundwa Victoria Federation of Co-operative Unions, ambayo Paul Bomani alikuwa miongoni mwa viongozi wake wakuu. Siku hizi mizani ya biashara hukaguliwa na Wakala wa Vipimo na kupigwa muhuri. Mkulima aliyefikisha marobota yake kituoni anajua wapi pa kulalamika.

Muda wa kazi nao una historia yake. Katika mashamba ya mkonge ya wakati wa ukoloni, mfanyakazi alipewa kipande, kadi yenye nafasi za siku 30. Msimamizi ndiye aliyetia alama, na siku ambayo haikutiwa alama haikuhesabiwa, hata kama jasho lilitoka. Miongoni mwa waliokwenda kufanya kazi katika mashamba hayo walikuwamo watu wa Unyamwezi na Usukuma. Kipande hakikuwa kibaya kwa sababu kilikuwa karatasi. Ubaya wake ulikuwa kwamba kalamu ilikuwa mkononi mwa upande mmoja. Kama programu mpya itampa mwajiri peke yake uwezo wa kubadili saa bila kuacha alama, basi tutakuwa tumekirudisha kipande kwa njia ya umeme.

Hebu tutazame hatari zilizomo katika kazi yenyewe. Sisi huhesabu saa kuanzia macheo. Mlinzi au mfanyakazi wa zamu anayeingia saa 2 usiku, saa ya kompyuta humwandika 20:00. Mifumo mingi huhifadhi muda kwa saa za Greenwich, ambazo ziko nyuma ya zetu kwa saa 3, kwa hiyo ndani ya kumbukumbu huandikwa 17:00. Mtu mmoja, mlango mmoja, saa tatu tofauti. Anapotoka saa 12 asubuhi tarehe imekwisha kubadilika. Programu inayotoa 20 katika 6 bila kuangalia tarehe hupata hasi 14, ilhali mtu huyo amekaa kazini saa 10. Tena mtandao ukikatika wakati anabonyeza, taarifa huweza kufika baada ya saa nzima na kuandikwa kwa muda wa kufika, si kwa muda wa kubonyeza.

Akili mnemba huweza kuyatatua yote haya iwapo itaulizwa. Tatizo ni kwamba hujibu zaidi kile ilichoulizwa, na kijana ambaye hajapata kufanya kazi ya zamu ya usiku huenda asiulize. Aijuaye zamu ya usiku ni anayeifanya.

Sheria nayo imeweka vipimo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, imeweka kikomo cha saa za kawaida kuwa 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Saa za ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Kazi ya usiku, yaani kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, huongezewa asilimia 5. Anayefanya kazi mfululizo kwa zaidi ya saa 5 anastahili mapumziko yasiyopungua dakika 60.

Tuchukue mfano wa mfanyakazi anayelipwa Sh. 1,000 kwa saa, anayeingia saa 2 usiku, anapumzika saa moja, na kutoka saa 12 asubuhi. Saa 9 za kazi ni Sh. 9,000, na nyongeza ya usiku ni Sh. 450. Akibakizwa mpaka saa 1 asubuhi, saa hiyo ya ziada ni Sh. 1,500, na jumla yake ni Sh. 10,950. Programu isiyoijua sheria itamwandikia Sh. 10,000. Ikiwa pia inakata dakika 15 kila siku kwa kisingizio cha kurahisisha hesabu, katika siku 26 atakuwa amepoteza saa 6 na nusu. Hakuna mwizi aliyeonekana, lakini fedha haipo.

Wako watakaosema kwamba ukaguzi wa namna hii utawachelewesha vijana, na kwamba faida ya akili mnemba ni haraka. Haraka hiyo nayo ipimwe. Mwezi Julai 2025 taasisi ya utafiti ya METR ya Marekani ilitoa matokeo ya jaribio lililohusu waandishi 16 wa programu wenye uzoefu, waliofanya kazi 246 katika miradi waliyoifahamu vizuri, kwa zana za mwanzoni mwa mwaka huo. Kabla ya kuanza walitarajia kuokoa asilimia 24 ya muda. Walipomaliza waliamini wameokoa asilimia 20. Saa ilionyesha kuwa wanapotumia akili mnemba walichukua muda mrefu zaidi kwa asilimia 19.

Hatusemi kwamba ndivyo ilivyo kwa kila mtu na kila kazi. Zana hubadilika, na kijana anayeanza si sawa na fundi wa miaka mingi. Tunachosema ni kwamba hata wataalamu walikosea kukadiria muda wao wenyewe. Ikiwa mwenye kuandika programu anaweza kudanganywa na hisia zake kuhusu saa alizofanya kazi, itakuwaje tumwamini bila kukagua anaposema programu yake inahesabu vyema saa za wengine?

Kwa hiyo tunatoa rai zifuatazo. Vijana wanaotengeneza programu hizi, wakiwamo wanafunzi wa kampasi ya Simiyu ya Chuo cha Usimamizi wa Fedha, wasizikabidhi kabla ya kuzijaribu kwa zamu ya usiku, siku ya mtandao kukatika na wiki inayozidi saa 45, na majibu wayahakiki kwa kalamu. Waajiri wakubali kwamba kila badiliko la saa libaki na jina la aliyelifanya na sababu yake. Wafanyakazi wapewe nakala ya saa zao kila wiki, kwa Kiswahili, katika simu zao au kwenye karatasi. Hii si hisani: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mtu haki ya kuziona taarifa zake na kuomba zirekebishwe. Nao maofisa kazi, wanapokagua vitabu vya mishahara, waikague pia programu iliyozaa hesabu hizo.

Hakuna lolote katika haya linalohitaji fedha nyingi. Kinachohitajika ni kukubali kwamba mashine imesaidia kuandika, na wajibu umebaki kwa binadamu. Babu zetu walidai kuisoma mizani ya pamba wakafanikiwa. Wajukuu wao, wanaouza saa zao, wanastahili kusoma mizani ya saa hizo.